Kikapu cha mkonge cha Mbuyuni baada ya miezi kumi na minne ya Moshi na Taveta

Nilikinunua Machi mwaka jana kwa shilingi 28,000, bila kuvutana sana bei, maana vidole vyangu vilikuwa vimechoka kukatwa na masikio ya mifuko ya salfeti. Siku ile sikutaka kuandika chochote, kwa kuwa kikapu kipya kila mtu anakisifia. Nimekitembeza miezi kumi na minne, Moshi hadi Taveta, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, na kurudi, Jumatano na Jumamosi, kikiwa na tangawizi, binzari, vitunguu saumu na karanga. Sasa naweza kukisema kwa haki.

Kibanda chenyewe kiko nyuma ya soko la Mbuyuni, upande wa wauza nafaka. Hakina kibao. Ukiuliza "kwa mama wa vikapu" utaonyeshwa hata na mtoto. Ndani mnakaa watu wawili tu kwa kubanana: yeye kwenye kigoda chake na wewe kwenye debe lililopinduliwa. Juu ya vichwa vyenu vikapu vimening'inia kama ndizi darini.

Mwili wa kikapu hausukwi Moshi. Unatoka ng'ambo, kwa akina mama wa upande wa Kenya ambao wanakiita kiondo. Kule ni nchi ya mkonge. Ukipanda gari la Voi kutoka Taveta utayapita mashamba ya Mwatate, mistari na mistari mpaka macho yachoke. Wanausokota uzi juu ya paja, wanasuka kuanzia kitako kwenda juu kwa kuzunguka, na wanavileta sokoni Taveta vikiwa vitupu, bila mikono wala bitana. Mama wa vikapu anavichagua kimoja kimoja, anavibinya, anavivuta mdomo, anavipindua. Akishavuka navyo ndipo kazi ya Moshi inapoanza: mikanda ya ngozi ya ng'ombe, bitana ya kitenge, na kitako cha pili cha ngozi ili kikapu kisilikwe na sakafu ya gari. Anashona kwa shazia na uzi uliopakwa nta, na kila anapopitisha sindano anauvuta kwa meno mpaka useme "krii".

Kwa hiyo hiki ni kikapu cha nchi mbili. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Kwanza lakini ubebaji. Nimekipima kwa mzani wangu wa biashara: kinameza kilo 18 za tangawizi ya Same bila kulalamika, na juu yake bado nafasi ya vifurushi vya binzari. Tangawizi ina pembe, inatoboa kila kitu, na mfuko wa kaki haumalizi hata Himo. Hiki hakijatoboka. Mkanda mmoja ulianza kuachia mwezi wa tisa, pale ngozi inapokutana na mkonge. Nikampelekea, akaufumua wote, akaurudia kwa mishono minne badala ya mitatu, na hakunitoza. Alisema kosa ni lake, ngozi ile aliikata karibu na tumbo la ng'ombe ambako huvutika. Sijawahi kusikia fundi wa Moshi akisema sentensi kama hiyo kwa hiari yake.

Mvua ndiyo mtihani. Masika ya mwaka jana kililowa mara tatu. Mkonge ukilowa unavimba na kujikaza, kwa hiyo hakivuji kama unavyodhani, ila kinakuwa kizito na kinachukua siku mbili kukauka kivulini. Usikianike juani, kitakakamaa. Na mstari mwekundu ulitoa rangi, ukaniharibia kanga niliyokuwa nimeikunja chini yake. Nilimwambia. Akanijibu kwamba rangi anayoikuta Taveta siyo yeye anayeichovya, lakini siku hizi anakiloweka kila kikapu kwenye maji ya chumvi kabla ya kukitia bitana. Nimekiona cha jirani yangu alichonunua Januari, kweli hakitoi rangi.

Sasa nieleze kwa nini namwambia kila mwanamke ninayesafiri naye anunue kikapu, na asiridhike na ile mifuko ya kitambaa ya rangi rangi inayouzwa stendi, ambayo tuliambiwa tuiite mifuko mbadala baada ya ile ya plastiki kukatazwa.

Siku niliyokwenda kununua nilikuwa nimebeba mmoja wa hiyo mifuko. Mama wa vikapu akauchukua, akachomoa uzi mmoja kwenye pindo lake. Kisha akachomoa uzi mmoja wa mkonge kwenye mabaki yaliyokuwa miguuni pake. Akawasha kibiriti. Uzi wa mkonge ulishika moto wa njano, ukanuka kama majani ya shamba yanapochomwa, ukaisha ukiwa majivu ambayo aliyapuliza yakapotea. Uzi wa mfuko haukuwaka. Ulijikunja, ukarudi nyuma kuukimbia moto, ukafanya tone jeusi linalong'aa, na lile tone likaganda juu ya kijiti kama shanga. Akaniwekea kiganjani. "Mama, hii nayo ni plastiki," akasema. "Imevaa nguo tu."

Nimeihifadhi ile shanga kwenye kopo la sindano. Serikali yetu iliweka kiwango kwamba mifuko hiyo iwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba ili mtu aweze kuitumia tena na tena, na ukiupata wenye uzito huo kweli unadumu. Tatizo ni ile myepesi inayouzwa bei ya pipi. Inachakaa kwa wiki mbili, inapukutika nyuzi nyuzi, na nyuzi zile ndizo unazozikuta zimenasa kwenye nyasi pembeni ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia.

Mimi ni mtu wa Rombo kwa kuolewa. Pale nyumbani mfongo unapita nyuma ya migomba, ule ule waliouchimba wazee, na zamu yetu ya maji ina siku yake. Kabla ya 2019, siku ya zamu ilikuwa siku ya kuzoa rambo, yaani mifuko ya plastiki. Zilikuwa zinashuka na maji, zinajibana kwenye mdomo wa mfereji, maji yanapanda kingo na kwenda kwa asiyehusika, na ugomvi unaanza. Mwaka mmoja mbuzi wa shemeji yangu alivimba tumbo, akakataa kula, siku ya nne wakaamua kumchinja. Mchinjaji alipopasua tumbo alitoa fundo la rambo la ukubwa wa mpira wa watoto, limesokotana na majani, la kijivu, na bado ungeweza kusoma maandishi kwenye mfuko mmoja. Tulisimama wote tukiliangalia. Hakuna aliyekula nyama ile.

Na maji yale hayakai Rombo. Mto Lumi unaanzia huku kwetu, miteremko ya mashariki chini ya Mawenzi, unaingia Kenya, unapita Taveta na kumwaga katika Ziwa Jipe, ziwa ambalo nusu ni letu na nusu ni la wenzetu. Maji ya Jipe yanatoka kupitia Mto Ruvu, na Ruvu unarudi Tanzania hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakotoka perege tunaowanunua Moshi, na ambako maji yanazungusha mitambo ya umeme kabla ya kuendelea na Pangani mpaka baharini. Ukitupa mfuko kwenye kijito cha Rombo umempelekea Mkenya, naye Mkenya atakurudishia kwenye sahani ya samaki. Nimelifikiria hili mara nyingi nikiwa kwenye haisi, pale Himo tunaposubiri gari lijae.

Ndiyo maana habari ya mwaka 2017 bado inaniuma. Tarehe 28 Agosti mwaka huo Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na adhabu yake haikuwa ya mchezo: faini ya shilingi za kwao milioni 2 hadi 4, au kifungo kisichozidi miaka 4. Sisi huku rambo ilikuwa halali. Tulisikia redioni, tukasema ni mambo yao. Wiki chache baadaye nikavuka na mizigo yangu kama kawaida, kila kilo ya binzari ndani ya rambo yake, zote ndani ya salfeti.

Afisa kijana akanisimamisha. Akaniambia kwa upole kabisa: "Mathe, karatasi haziruhusiwi." Nikamfungulia mzigo nimwonyeshe kuwa sina karatasi hata moja. Akaniambia tena, karatasi hizi. Nikamwambia baba, hizi ni rambo, karatasi ni ya kuandikia. Kumbe wenzetu mfuko wa plastiki wanauita karatasi, wengine juala. Tulibishana dakika kumi, wote tukizungumza Kiswahili, kila mmoja akimwona mwenzake mkaidi, na foleni ikirefuka nyuma yangu. Mwisho nikaambiwa nimimine. Nilimimina kilo 15 za binzari juu ya kanga yangu, pembeni ya barabara, siku ya upepo. Sikutozwa faini, na kwa hilo namshukuru. Lakini binzari iliyochanganyika na vumbi haina mnunuzi, na niliirudisha Moshi nikila hasara peke yangu.

Sheria ya Kenya ilikuwa sahihi. Niliichukia siku ile na leo naitetea. Kilichokosekana ni upande wetu. Kwa karibu miaka 2, kitu kilichokuwa bidhaa ya halali Holili, mpakani upande wetu, kilikuwa jela ukivuka geti, na penye tofauti kama hiyo biashara ya giza inaota usiku mmoja. Marobota ya rambo yalikuwa yanavuka kwa bodaboda kupitia njia za panya, yamefunikwa majani ya ndizi, na bei yake upande wa pili ilikuwa mara kadhaa ya huku. Nilikuwa nawajua waliobeba. Mimi sikubeba, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kule kunanikaa rohoni kwa sababu zile rambo ndizo zilizokuwa zinaishia Lumi na Jipe. Kenya ilikuwa inafagia uwanja huku sisi tukimwaga takataka juu ya ukuta.

Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa malori. Yeye alitwambia zamani kwamba Rwanda walikataza tangu 2008, na kwamba mpakani kwao, Rusumo, unapekuliwa mpaka chini ya kiti kabla hujaingia. Tulimwona anatia chumvi. Wenzetu Zanzibar nao walikataza 2006. Uganda nako wana kavera zao, ambazo sheria ya kuzizuia ipo kwa miaka mingi na bado ukifika sokoni unafungiwa nyanya ndani yake. Rambo, karatasi, juala, kavera: kitu kimoja, majina manne, na kila nchi ilikuwa na tarehe yake.

Kwetu ilikuwa tarehe 1 Juni 2019. Naikumbuka kwa sababu soko la Mbuyuni lilikuwa kama limehama. Watu walikuja na ndoo, beseni, vitenge, mabegi ya shule ya watoto. Mwenye kukutwa na mfuko alikuwa na faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au siku zisizozidi 7 ndani. Ndani ya miezi mitatu mdomo wa mfongo wetu ulikuwa wazi. Siongezi neno. Mume wangu alikwenda siku ya zamu na koleo, akarudi nalo kavu.

Na ule uchukuzi wa bodaboda ulikufa, maana marobota hayakuwa tena na pa kuanzia. Askari wa Kenya hawakuweza kuumaliza peke yao kwa miaka 2, na upande wetu ulipokataza, ukaishiwa pumzi.

Huko ndiko kikapu hiki kinakopata nyota zake. Ninavuka nacho nikiwa na amani. Siku hizi Holili na Taveta ni kituo kimoja. Ukitoka huku unashughulikiwa mara moja tu, upande unaoingia. Afisa anaangalia cheti changu cha uasili wa bidhaa, anaingiza mkono ndani ya kikapu, anagusa kitenge cha bitana, ananiambia pita. Binzari sasa naibeba kwenye vifuko vya kitambaa cha khanga kuukuu ambavyo mama wa vikapu ananishonea kwa mabaki, shilingi 500 kimoja, na wateja wangu wa Taveta wanavirudisha Jumatano inayofuata. Mmoja tu ndiye harudishi. Ninamjua.

Nimeipa bidhaa hii nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeizuia kwa mambo mawili, moja lake yeye na jingine si lake.

La kwake ni muda. Ukiagiza kikapu kwa kipimo chako atakwambia wiki moja, nawe hesabu wiki tatu. Nilimngojea kikapu cha binti yangu mpaka shule zikafunguliwa. Hana simu inayopokelewa mchana kwa sababu mikono yake ina nta. Hatoi risiti. Ukubwa wa kati ndio unaoisha kila mara, na vilivyobaki ni vile vikubwa mno vya kubebea gunia zima, au vidogo vya kwendea kanisani. Na mkonge mpya unachoma. Mwezi wa kwanza vaa mkono mrefu, la sivyo nyama ya ndani ya mkono itakuwa na mikwaruzo kama umechuma miiba.

Lisilo lake ni vifungashio. Hivi vifuko vyembamba vinavyoonekana ndani, vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa, watu wamevigeuza vibebeo. Serikali ilishalikataza jambo hilo mwaka 2021, na bado ukinunua dagaa Mbuyuni leo utawekewa humo bila kuulizwa. Mama wa vikapu ananiambia vimemwondolea wateja kuliko rambo zilivyowahi kumwondolea, kwa sababu rambo ilikuwa inauzwa na kifungashio unapewa bure. Ukivuka navyo Taveta, jibu linategemea nani yuko zamu: mmoja atasema ni kifungashio, mwingine atasema ni karatasi. Mfanyabiashara anayetaka kutii sheria hajui atii ipi.

Mwaka juzi nilihudhuria semina ya sisi wafanyabiashara wadogo wa mipakani, Arusha. Mwezeshaji alitusomea Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini hapohapo Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Sura ya 19 yote ni ya ushirikiano katika mazingira na maliasili. Nilimwomba airudie, akairudia. Nchi wanachama sasa ni nane. Makao makuu ya Jumuiya yako kilomita 80 hivi kutoka kibanda cha Mbuyuni, na nilipotoka kwenye semina ile tulipewa vitafunio ndani ya kifungashio. Nilikirudisha mezani, nikaweka sambusa zangu kwenye kikapu. Mama mmoja wa kutoka Namanga akakigeuza, akauliza kilikotoka, nikamwelekeza.

Ninachokiomba kwa walioko kwenye lile jengo ni kidogo na nakiomba kwa moyo wote: orodha moja, kwa Kiswahili, yenye picha, inayobandikwa Holili, Taveta, Namanga, Sirari, Rusumo, Mutukula, ikisema mfuko huu unapita na huu haupiti, kwa majina yote manne. Orodha hiyo ingeniokolea kilo 15 za binzari mwaka 2017, na ingemwokolea mama wa vikapu wateja anaowapoteza leo.

Nimeagiza cha pili, chenye mfuniko, kwa ajili ya dagaa. Ameniambia wiki moja. Ukienda kwake, nenda asubuhi kabla jua halijaingia kibandani, chagua chenye kitako cha duara kisichoyumba ukikiweka chini, na kivute mdomo kwa mikono miwili kama anavyofanya yeye. Jumatano na Jumamosi usijisumbue, utakuta pamefungwa. Siku hizo amekaa kiti cha mbele kwenye haisi ya Holili, na mimi kwa kawaida niko nyuma yake.